Mvumaji Aliyening'inia Kichwa Chini

Desemba 2022, siku chache kabla ya Krismasi, baridi kali iliikamata Seattle, Marekani, kisha ikanyesha mvua iliyokuwa ikiganda kila ilipogusa: ngazi, nyaya, majani. Binti wa jirani yetu kutoka Mombasa alinigongea mlango hakujapambazuka.

"Shikamoo, mjomba. Yule ndege amekufa kwenye chupa."

"Marahaba. Usimguse kwanza."

Alikuwa mvumaji wa Anna (kwa Kiingereza, Anna's hummingbird), ndege wa gramu 4 hivi ambaye hukaa mjini mwaka mzima wakati wavumaji wengine wa huko wamekwenda kusini. Alining'inia kichwa chini, kucha zimeng'ang'ania kituo cha chupa ya maji ya sukari tuliyowatundikia ndege wanywe. Mama wa mtoto akasema, "Maskini, chozi wa watu." Chozi ni yule ndege mdogo wa kwetu anyonyaye maua. Wanafanana kweli, ila wavumaji wako bara la Amerika tu, na hunyonya maua wakiwa wanaelea hewani, chozi hupenda kutua.

Hakuwa amekufa. Usiku wa baridi mvumaji hushusha joto la mwili kutoka nyuzi 40 hivi, pengine hadi chini ya 10, na moyo hupiga polepole, ili akiba ya mafuta imfikishe asubuhi. Akipinduka akiwa katika hali hiyo, kucha hazifunguki. Ukimwingiza ndani atazindukia chumbani, ajipigize kwenye vioo na kumaliza akiba yake kabla hajala. Tukamwacha.

Kazi ilikuwa kwenye chupa. Kikombe 1 cha sukari nyeupe kwa vikombe 4 vya maji huanza kuganda nyuzi chache tu chini ya sifuri, na barafu ikishaziba matundu ya kunyonyea, maji yaliyobaki ndani hayana faida. Kuzidisha sukari hadi 1 kwa 3 husaidia kidogo tu. Asali haifai, huchacha na kuota kuvu. Sukari ya kahawia ina madini ya chuma mengi mno kwao. Na kutia rangi nyekundu kwenye maji ni kwa nini, wakati chupa yenyewe ni nyekundu? Tukatundika chupa ya pili iliyokaa jikoni usiku kucha isigande, karibu na ile iliyoganda, na chini yake balbu ya mtindo wa zamani, ile inayochoma mkono. Balbu ya LED ingetuangazia tu, bila kupasha joto. Waya ulipita chini ya paa, mbali na maji.

Kulipokucha akaanza kutetemeka. Misuli ya kifua ndiyo inayorudisha joto. Ilichukua muda, mtoto akachoka kusimama. Kisha ndege akajiinua, akanywa kwa pupa, akarukia kichaka cha mahonia, ambacho hutoa maua ya manjano katikati ya majira ya baridi.

Mchana alikuwa dume kamili, koo likimetameta waridi, akifukuza kila mvumaji aliyesogea. Ile chupa ya kwanza, barafu yake ilipoyeyuka, ikabidi tuihamishie nyuma ya nyumba, asikoweza kuilinda.