Jeannie Robertson, mama aliyemfundisha profesa kuimba mlangoni kwake

Ukianza kufuatilia nyimbo za asili za Scotland utakutana na majina mengi ya watu wenye magitaa, ila mimi mtu akiniuliza aanzie wapi namwambia aanze na mama mmoja wa Aberdeen ambaye hakuhitaji gitaa wala nini, anafungua mdomo tu na wewe unakaa kimya. Anaitwa Jeannie Robertson.

Alizaliwa 1908 kwenye jamii ya Travellers, wale watu wa kuhamahama wa Scotland. Enzi hizo baridi ikikaza walikuwa wanajibanza mjini, jua likitoka wanaondoka na mahema yao, wanachuma matunda kule Blairgowrie, wanauza hiki na kile, wanatengeneza vyombo vya bati. Watu wa mjini walikuwa wanawadharau vibaya mno. Lakini jioni wakikaa kuzunguka moto ndo nyimbo zinatoka, na nyingi Jeannie alizipata kwa mama yake, hakuna daftari, vyote viko kichwani.

Sasa njoo kwenye kipande ninachokipenda. 1951 Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha School of Scottish Studies, watu wakawa wanazunguka na mashine za kurekodi kutafuta nyimbo za zamani kabla hazijafa na wazee. Mmoja wao ni Hamish Henderson, msomi na mshairi (sawa, uprofesa wa kwenye kichwa cha habari nimemwongezea mimi). 1953 yuko Aberdeen anaulizia sokoni nani anajua nyimbo za kale, wakamwelekeza kwa Jeannie, mtaa wa Causewayend. Anafika, mama kachoka na shughuli za kutwa nzima, hana habari na mgeni. Hamish akaona isiwe tabu, akaanza kuimba palepale mlangoni wimbo wa vita vya Harlaw, vile vilivyopiganwa hukohuko Scotland 1411. Jeannie kumsikiliza kidogo, uvumilivu ukamshinda, akamwambia hivyo sivyo unavyoimbwa, hebu ingia ndani nikuoneshe. Yani mtu wa chuo kikuu anasahihishwa na mama wa nyumbani ambaye hao majirani zake wanamuona si lolote! Kaingia, na nyimbo zikaanza kumwagika.

Mwaka huohuo alikuwa London anarekodiwa na Alan Lomax, Mmarekani mkusanyaji wa nyimbo za asili. Alikuwa na miaka kama 45, umri ambao wasanii wengine wameshachuja.

Kuna wimbo wake unaitwa Son David. Mama anamuuliza mwanae, hiyo damu kwenye upanga ni ya nini? Kijana anasema ya farasi wangu. Mama anamwambia damu ya farasi haiko hivyo. Anabadilisha mnyama, mama hadanganyiki, anauliza tena, mpaka mwisho inatoka kwamba ni damu ya kaka yake. Halafu anasema anaondoka kwa mashua isiyo na chini, na hapo umeshaelewa harudi. Jeannie halii, hapazi sauti, anakwenda nao taratibuuu kama anayekupa taarifa ya msiba anaoujua, na ndo maana unauma.

Wapo wanaosema alivyozidi kupata jina ndo alivyozidi kuimba polepole na kwa utukufu, tofauti na zile rekodi za mwanzo. Mimi naona ni kweli, na za mwanzo ndo nazipenda zaidi, ingawa siwezi kumlaumu mtu aliyedharauliwa maisha yake yote halafu ghafla ukumbi mzima unamnyamazia. Klabu, matamasha, santuri, na 1968 akapewa MBE, nishani ya heshima ya Uingereza. Akafariki 1975.

Binti yake Lizzie Higgins ndo wa kumtazama kwa makini. Kazi yake ilikuwa samaki, kukata minofu huko Aberdeen, na kwa muda mrefu hakutaka kabisa kupanda jukwaani, maana ukiwa na mama wa namna ile kila mtu atakupimia kwake. Alipokuja kukubali, mwishoni mwa miaka ya 60, ikaonekana hajamuiga mama hata kidogo: baba yake Donald alikuwa mpiga zumari la Scotland, lile la mfuko, na Lizzie anazungusha sauti kama vidole vya baba vinavyotembea kwenye zumari.

Rekodi za wote wawili zipo mtandaoni. Tafuta kwanza maneno ya wimbo uyasome, maana Kiskoti chao hata Waingereza kinawatoa jasho.