Neno la mama mkwe kwenye thabai yangu

Tangu Jumapili ninalirudia neno moja la mama mkwe wangu, nikikamua, nikipika, na hata usiku huu ambapo nyumba nzima imelala. Alisimama nyuma ya zizi, akaitazama thabai yangu, ile mboga ya majani yanayowasha, kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, mmekosa nini hapa hata mkaamua kupanda thabai?" Nikamjibu, "Hatujakosa kitu, Mama, tunaipenda tu." Akasema, "Haya," akaenda jikoni kuota moto.

Hiyo "haya" ndiyo iliyonichoma. Kwake yeye, thabai ni mboga inayojiotea kwenye samadi, nayo huchumwa wakati ghala limekwisha. Nami nilivileta vile vipande vya mizizi kutoka Kinangop mwezi wa Machi, kila kimoja na kifundo chake, nikavifukia mvua ilipoanza, na kuzunguka tuta nikazamisha mabati ya zamani ili mizizi isitambae hadi kwenye viazi. Mume wangu alipata barua ya uhamisho wiki hii, na mtihani wa dada umepita salama, lakini mimi nimeshikwa na "haya".

Jioni hiyohiyo binti yetu alipita mbio kwenye kijia, na majani yakamgusa mkono. (Wasomaji wa pwani wasiichanganye na upupu, ambao ni mmea mwingine unaotambaa na kuwasha kwa maganda yake.) Nilimzuia asijisugue, kwa sababu vinyweleo vya thabai ni vijisindano vyenye uwazi ndani na ncha ya silika, madini magumu kama kioo, na ukivisugua huzama zaidi na kuimwaga histamini iliyobaki, ile kemikali inayowasha. Nilibandika selotepu juu ya ngozi na kuibandua mara kadhaa, ndipo nikauosha mkono kwa sabuni na maji baridi. Bibi yake alitazama yote hayo bila kusema neno, nami nikauhesabu ukimya wake kuwa hukumu ya pili.

Jumatatu nilivaa glavu za ngozi na shati la mikono mirefu, nikaenda na makasi kukata vile vichwa vyororo vya juu, kwa kuwa mmea ukishachanua majani yake huwa magumu na hayafai tena mezani. Nilipofika nikakuta mashina yote ya upande wa kijia yamevutwa ndani na kufungwa kwa kamba ya katani kwenye vigingi, mafundo mawili mawili, kama mama mkwe afungavyo maharagwe. Aliifanya kazi hiyo kabla ya kuondoka na gari la saa kumi na mbili asubuhi, na glavu zangu zilikuwa zimening'inia mahali pake, kavu. Nilisimama pale nikiwa na makasi mkononi, nikajaribu kuisikia tena ile "haya" kwa sauti yake, na safari hii sikuweza kusema kwa hakika kwamba ilikuwa ya dharau.

Nilivichemsha vile vichwa dakika chache hadi mwasho ukaisha, nikaviponda na viazi na mahindi, na sahani moja nikaifunika kwa mazoea, kana kwamba bado yupo.

Ng'ombe naye amepitisha siku nne tangu tarehe ya kuzaa tuliyohesabu, leo jioni amekataa majani, na daktari wa mifugo hapokei simu.