Kishazi tegemezi nilikikuta nyuma ya daladala

Mwaka juzi nilijiandikisha kurudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mchana niko dukani Mwenge nauza steshenari, jioni tuisheni. Kiingereza ndicho kilichonitesa, hasa maswali ya kutenganisha kishazi huru, kile kinachojitosheleza kimaana, na kishazi tegemezi, kile kinachongoja kingine kikikamilishe. Nilijitungia kanuni: kinachotangulia ndicho huru. Basi "When the rain stopped, we left Kariakoo" nikaikosa bila wasiwasi wowote.

Siku moja tumenasa kwenye foleni ya Ubungo, daftari liko mapajani. Daladala ya mbele imeandikwa nyuma: UKIONA VYAELEA, VIMEUNDWA. Nikaitazama weee. Ukimwambia mtu "vimeundwa", umemaliza. Ukimwambia "ukiona vyaelea" kisha ukanyamaza, atakuuliza, "Enhe?"

Kumbe utegemezi wa Kiswahili mara nyingi umekaa tumboni mwa kitenzi: -ki-, -po-, -ye-. Kiingereza huutoa nje, kikauweka kwenye neno dogo linalotangulia: "if", "when", "who". Nikaanza kugeuza kila sentensi. "When the rain stopped", mvua ilipokatika. -po- hiyo hapo, kwa hiyo ni tegemezi, kikae mwanzo kikae mwisho.

Raha yenyewe niliipata pale Kiingereza kinapoficha hilo neno dogo. "The man I met at Mbagala sells fish." Darasani karibu wote tulishika "The man I met" kuwa ndicho huru kwa sababu imekaa mbele. Sasa igeuze: mtu niliyekutana naye Mbagala anauza samaki. Ile -ye- inamwaga siri yote! Tegemezi ni "I met at Mbagala", na huru ni "The man sells fish", ila kimepasuliwa katikati kama mkate. Hata "What he said surprised me" ilikubali: alichosema kilinishangaza. -cho- imejitokeza yenyewe.

Njia hii ina mashimo yake. "Because" na "although" hazigusi kitenzi chetu. Kwa sababu na ingawa hukaa nje vilevile, kwa hiyo hizo nilizikariri tu. "After lunch" nayo ni mtego, haina kitenzi, kwa hiyo si kishazi, ni kirai, yaani fungu la maneno tu.

Lakini iliyonitia aibu ni "before". Sisi husema kabla hajafika, na mimi kwenye zoezi la kutunga nikaandika "before he did not arrive". Mwalimu akaisoma kwa sauti, darasa zima linasikia.

"Sasa dada, huyu mtu alifika au hakufika?"

Nilicheka nao, nifanyeje. Siku hizi nikiiona "before" naizungushia duara jekundu kabla sijaanza kutafsiri.