Nilivyopanga riwaya ya upelelezi ya watoto wa shule ya bweni

Nilianza na ratiba ya shule kabla ya mhusika yeyote. Bwenini maisha yanakwenda kwa kengele: kuamka saa 11 alfajiri, gwaride saa 1:15, michezo saa 10 jioni, prepo, yaani kujisomea darasani, saa 1 hadi saa 3 usiku, majina kuitwa saa 3:30, taa kuzimwa saa 4. Kila mtoto ana mahali pake na kiranja wa kumwona. Mwizi hana budi kupenya kwenye upenyo wa ratiba hiyo, na msomaji makini anaweza kuutafuta mwenyewe kwa kalamu.

Kisha nikaandika ukurasa mmoja wa ukweli, nikimfuata mwizi dakika kwa dakika. Fedha za safari ya Darasa la Sita zimetoweka ndani ya tranka la bati, kufuli halijaguswa. Siri iko nyuma. Bawaba za tranka hushikwa na pini za waya. Ukizichomoa, mfuniko unafunguka upande wa nyuma na kufuli linabaki limefungwa pale mbele. Pini moja ilikatika, mwizi akaweka waya mpya. Kwa hiyo sura ya pili sweta la msichana linanasa kwenye ncha ya waya unaong'aa, katikati ya bati lenye kutu. Watoto wanacheka, wanaendelea na deki. Kidokezo kizuri huingia hivyo, kikiwa kimebebwa na jambo jingine.

Muda niliukokotoa kabla ya kuandika. Mtuhumiwa anatoka prepo saa 1:40 kwenda kwa matroni. Daftari la wagonjwa linasema ameondoka 1:50. Darasani anarudi 2:05. Kutoka kwa matroni hadi bwenini ni dakika 3, bwenini hadi darasani dakika 4. Zinabaki 8, na pini zinahitaji 5. Hesabu hii ikikosewa, mtoto wa miaka 11 ataigundua, na kitabu atakiweka chini.

Ronald Knox, padri Mwingereza aliyeandika riwaya za upelelezi, katika kanuni zake za mwaka 1929, alitaka mkosaji atajwe mapema na mpelelezi asifiche kidokezo alichokiona. Kwa watoto nazishika zote mbili bila kulegeza. Mkosaji wangu yumo sura ya kwanza, anagawa uji.

Panapoharibika zaidi ni kwa watu wazima. Matroni akiwa mwerevu, kesi inaisha sura ya tatu. Akiwa mjinga, shule nzima haiaminiki. Mimi nilimpa kazi: wagonjwa wengi wiki ile, na daftari analolijaza kwa uaminifu bila kupata nafasi ya kulisoma upya. Wapelelezi wanahitaji sababu halali ya kulishika, basi mmoja wao ndiye kiranja wa afya.

Sababu ya wizi niliitoa humo humo bwenini: mwizi alitaka nauli ya kwenda kumwona mama yake mgonjwa.

Urefu ni sura 12 za maneno kama 1,600, na watuhumiwa wanne, kila jina likianza na herufi yake. Mswada niliwapa watoto hadi sura ya 10, nikawaomba waandike jina la mwizi na ushahidi. Wakimtaja wote, waya unang'aa mno. Asipotajwa na yeyote, sweta linase mara ya pili.