Mkono wa mama, mkono wangu

Leo asubuhi nimempeleka mama kliniki ya presha. Ana miaka 71. Dawa anameza siku akijisikia vibaya, nyingine anasema "leo niko sawa."

Bibi aliondoka kwa kiharusi. Mjomba naye yuko kwenye dawa. Nyumbani siku zote tulisema ni mawazo tu.

Mama: 168 kwa 92.

Nesi akanigeukia, "Na wewe dada, lete mkono."

Nikacheka. Nina miaka 43, natembea kila jioni!

Ule mkanda ukaanza kukaza. Mama akaacha kufunga kanga, akakodolea mashine macho kama siku ile ya matokeo yangu ya darasa la saba.

146 kwa 94.

Daktari akasema iko juu, ila kipimo kimoja hakitoshi, nirudi wiki ijayo. Akaeleza pia kwamba kwa watu wengi hakuna kinasaba kimoja cha presha. Ni mamia ya tofauti ndogondogo za vinasaba, kila moja inasukuma kidogo, nyingine kupitia namna figo zinavyoshikilia chumvi. Umri ukienda mishipa inakakamaa, na presha inapanda. Chumvi, uzito na dawa bado vina kazi yake.

Kwenye bajaji mama kimya. Tumefika Mwenge ndiyo akasema: "Nisamehe mwanangu, nimekurithisha ugonjwa."

Nikamwambia hata huu mwanya nimeutoa kwako, mbona huniombei msamaha? Akacheka, lakini mkono wangu hakuuachia mpaka nyumbani.

Kwenu nani ana presha? Na wewe ulipima lini?