Mghani wa Manas hakariri

Sisi tuliosomea tendi katika madarasa ya Nairobi tulizipata zikiwa zimekwisha kuchapishwa, beti zimepangwa na mizani nane za kila mstari zimehesabiwa. Ndiyo maana tukisikia kwamba Sayakbay Karalaev wa Kirigizistani (1894–1971) alighani utenzi wa Manas wenye mistari inayozidi 500,000, tunauliza kwanza alivyoweza kuihifadhi yote. Kwa maoni yangu, hapo tunatafuta ustadi wake mahali usipokuwa.

Manaschi, yaani mghani wa utenzi huo, hakariri matini. Anakijua kisa: kuzaliwa kwa Manas, ndoa yake na Kanykey, vita vyake, kisha habari za mwanawe Semetey na mjukuu wake Seytek. Anazijua pia namna zilizozoeleka za kusifu farasi, kueleza silaha, kuandaa karamu na kuomboleza wafu. Akiketi mbele ya watu, bila ala yoyote, huutunga utenzi papo hapo kwa mistari ya mizani saba au nane, akirefusha vita au kukatiza safari kwa kadiri hadhira inavyompandisha mori.

Wilhelm Radloff, mtaalamu wa lugha za Kituruki aliyenakili tungo hizi katika miaka ya 1860, alikutana na mghani aliyemfanya Manas kuwa rafiki wa mfalme wa Urusi, kwa sababu alimdhania mgeni wake kuwa ofisa wa serikali hiyo. Wapo watakaouita huo unafiki. Mimi nauona kuwa ni kazi yenyewe ya mghani, kwani msikilizaji naye humo katika utunzi.

Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, hautufai sana kama kipimo, maana ulipita katika kalamu. Aliye karibu zaidi ni Fumo Liyongo, ambaye visa na nyimbo zake vilizunguka midomoni mwa watu muda mrefu kabla ya Muhammad Kijumwa kuandika utendi wake mwaka 1913.

Hata kalamu ya Radloff iliharibu kitu. Mwenyewe alikiri kwamba waghani hawakuzoea kusema polepole ili mwandishi awafuate, na kwamba walipolazimika kungoja, uzi wa kisa uliwaponyoka na mistari ikapungua uhai.