Siku moja maishani mwangu: nyaya za atomi, chumbani Ngamiani

Saa kumi na moja alfajiri naamkia kompyuta. Hesabu za usiku, moja imefika mwisho, nyingine bado inazunguka. Chai, vitumbua, nakaa.

Kazi yangu ni kukokotoa usumaku wa nyaya zenye unene wa atomi moja. Majirani hapa Tanga wanachojua ni kwamba nina kompyuta, kwa hiyo mimi ni fundi.

Metali ya platini ikikatwa kwa mshazari kidogo, uso wake hutoka na ngazi za kimo cha atomi moja. Mvuke wa kobalti, metali ya sumaku, ukitua juu yake ndani ya ombwe, atomi hutembea hadi ukingo wa ngazi na kujipanga mstari. Mwaka 2002 mwanafizikia Pietro Gambardella na wenzake walionyesha kuwa waya wa aina hiyo hushika usumaku chini ya kelvini 15, yaani karibu nyuzi 258 chini ya sifuri. Lakini mwanafizikia Ernst Ising alikwisha kuonyesha mwaka 1925 kwamba mnyororo wa mstari mmoja, kila atomi ikishikana na jirani yake tu, haudumishi sumaku kwenye joto lolote juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa. Hawapingani. Kwenye ngazi ile ya platini usumaku una upande unaoupenda, na kuugeuza kunadai nishati, hivyo kwenye baridi kali unachelewa sana kugeuka. Nishati hiyo ndiyo ninayoitafuta.

Saa mbili hadi adhuhuri: mafaili, kusoma, kujibu barua.

Saa nane akaingia mzee wa mtaa wa pili na kompyuta yake kwapani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Hii yaniganda tangu jana."

Nikamweleza kwamba sitengenezi. Akavuta kiti.

"Sasa hiyo yako yafanyani? Feni yalia, nawe wakaa tu."

"Inahesabu nguvu ya sumaku, mzee wangu."

"Sumaku zauzwa dukani, mwanangu."

Akakaa mpaka alasiri. Nilimheshimu, nikamsikiliza, lakini kichwa kiliniuma. Nilikuwa nikiangalia usumaku wa kila atomi ukipanda na kushuka mzunguko baada ya mzunguko, bila kutulia, na siwezi kumwonyesha mtu kwamba kule kukaa ndiko kazi yenyewe. Nishati nzima ni maelfu ya elektronivolti, kipimo kidogo cha nishati. Ninachotafuta ni kama sehemu mbili kati ya elfu za elektronivolti moja kwa kila atomi ya kobalti, tofauti kati ya usumaku ukifuata waya na ukiukatiza. Ni kama kumpima nahodha kwa kupima jahazi likiwa naye, kisha bila yeye. Hesabu isipotulia sawasawa, jibu ni takataka.

Mzee alipoondoka tu, umeme ukakatika.

Joto, jasho, mbu. Nilikaa gizani nikiandika kwenye daftari. Uliporudi, isha ilikwisha adhiniwa zamani. Nikaanzia kwenye faili lililohifadhiwa, nikapunguza kiwango cha kuchanganya matokeo mapya na ya zamani, na taratibu ikaanza kutulia. Macho yalikuwa yananiwasha, sikuondoka.

Imetulia. Usumaku unaokatiza waya ndio wenye nishati ndogo, kama vipimo vya maabara vilivyoonyesha. Nimefurahi mno! Nimewaandikia wenzangu kwamba kesho narudia kwa nukta nyingi zaidi za kukokotolea, maana tofauti ndogo hivi siiamini mpaka ibaki palepale.